Siku Niliyopanga Katuni kwa Kutazama Majalada

Mkasa huu huwa siusimulii mbele ya watu wa mtaa wetu wa Bondeni, kwa sababu wengi wao walikuwepo na kila mmoja ana namna yake ya kuniaibisha upya, lakini nyinyi ni wenzangu, kunyweni chai, nitawapa ulivyokuwa hasa, na mkicheka chekeni taratibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi ndiyo kwanza nimemaliza shule na kujifunza kupiga taipu (kwa vidole viwili, lakini mbio), na Bi. Khadija akanichukua nimsaidie katika chumba chake cha kuazimisha vitabu. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya katuni, vile vyembamba vya picha, makasha kwa makasha, vimechanganyika kama nguo za mtumba. Mtu akiingia akisema, "Nataka cha kutisha," Bi. Khadija hufukua kasha hili na lile mpaka mteja akachoka akaenda zake. Isitoshe, kakake mwenye duka la vitambaa alikuwa akikitaka kile chumba akifanye stoo. Tumaini lilikuwa moja tu: Maalim Bakari, mwalimu mkuu wa shule moja ya Mji wa Kale, alikuwa tayari kuazima vitabu kila wiki kwa ajili ya wanafunzi wake, mradi kwanza aonyeshwe katalogi inayoeleza kila hadithi ni ya aina gani.

"Utaiweza?" Bi. Khadija akaniuliza.

"Naiweza, bibi," nikasema, na wallahi nilikuwa na furaha, maana tangu utotoni sikuwahi kutamani kazi nyingine ila hii, kuketi katikati ya katuni na kuwa hakimu wao, wewe ni Mapenzi, wewe Upelelezi, wewe Vichekesho, wewe Kutisha, wewe Maadili.

Kasha la kwanza nilisoma kila hadithi mpaka mwisho. Nilicheka peke yangu, nikalia, nikasahau kula. Lakini siku ya kumwonyesha Maalim katalogi mbele ya wageni wa mtaa ilikuwa yaja na makasha bado yamejaa, ndipo nikakata shauri dogo (dogo sana, nawaambia) kwamba jalada latosha. Mtu ameshika bastola, Upelelezi. Msichana analia dirishani, Mapenzi. Fuvu, Kutisha. Mzee wa kanzu na tasbihi kasimama mlangoni, Maadili, hilo halina mjadala. Kazi ikaenda kama moto wa makuti, na Bi. Khadija alipoiona katalogi imepigwa taipu na kufungwa utepe wa kijani, alinibusu kipaji cha uso.

Jumamosi alasiri tukatoa mabenchi nje, kahawa na kaimati zikaandaliwa, wakaja kina mama wa mtaa na vijana, na kakake Bi. Khadija pia akaja (huyo hakualikwa). Maalim alifika kanzu imenyooka, ndevu nyeupe, tasbihi mkononi, akatoa salamu, akauliza hali za nyumba zote mbili, yangu na ya Bi. Khadija, kisha akaifungua katalogi na kidole chake kikashuka polepole mpaka kwenye Maadili.

"Mashaallah. Hiki hapa, *Mgeni wa Alhamisi*. Hebu nikione."

Ningempa mkononi, mambo yangekwisha salama. Lakini nilikuwa nimechangamka mno, nikasema, "Maalim, niruhusu niwasomee wote," nikapanda juu ya kasha tupu na kukifungua kitabu katikati, mahali penye utamu.

Nikasoma kwa kuigiza, sauti nyembamba ya mwanamke na nzito ya mzee. "'Ingia upesi, mume wangu amekwenda Feri kumpokea mamake.'" Hapo mwenye akili angesimama. "'Usijali, moyo wangu,' akasema mzee, akaivua kanzu." Mlango ukabishwa hadithini, nami nikaugonga ubao wa lile kasha kwa kisigino, go, go, go. "'Mume wangu karudi. Ingia kabatini.'"

Nikakigeuza kitabu niwaonyeshe picha. Ndevu nyeupe, kofia iliyodariziwa, tasbihi imening'inia kwenye mlango wa kabati. Vichwa vyote vikatoka kwenye picha vikaenda kwa Maalim, vikarudi kwenye picha, na mama mmoja nyuma akasema kwa upole, "Mbona kama wafanana."

Nikasema samahani, kitabu hicho kilipotea njia, nikarukia upande wa Vichekesho nikatwaa chenye jalada la mtu anayecheka meno yote nje, nani angekosea hapo, nikaanza ukurasa wa kwanza. Kumbe yule mtu alikuwa akicheka kwa sababu akili zimemtoka baada ya mwanawe kufa maji. Mama Saumu, aliyetoka eda juzijuzi, akaanza kulia, jirani yake akampokea kilio, kahawa zikapoa, nami siwezi kuacha kwa sababu tulikuwa tumefika mazikoni na kuondoka katikati ya maziko niliona ni kukosa adabu. Kakake Bi. Khadija akatoa futi mfukoni akaingia ndani kupima ukuta.

"Binti," Maalim akasema, "hivi vitabu umevisoma?"

"Nimeviona, Maalim."

"Majalada?"

"Majalada, Maalim."

Akaiweka katalogi juu ya benchi, akaaga kwa heshima, akaenda. Bi. Khadija hakunigombeza. Alikusanya vikombe kimoja kimoja, na afadhali angenigombeza.

Kesho yake nilikwenda mapema nimtake radhi kisha nijiondoe mwenyewe kazini. Nikamkuta Maalim ameketi barazani pamoja naye.

"Yule mume," akaniuliza huku akitazama kando, "alilifungua lile kabati?"

Sikujua. Hata wakati huo nilikuwa sijui. Bi. Khadija akakileta kitabu akanipa. "Soma," akasema, "tangu bismillahi mpaka mwisho."

Nikasoma, bila kuigiza. Mume alilifungua, yule mzee akaonekana ni mwizi aliyevaa ucha Mungu ili awaibie watu majumbani mwao, na kurasa za mwisho akawa anaomba msamaha mbele ya msikiti mzima, huku mke na mume wakiketi kitako kusuluhishana.

"Kumbe ni ya maadili," Maalim akasema. "Hukukosea."

Nikaanza kutabasamu.

"Lakini hukujua kama hukukosea."

Maalim akakubali kuviazima vitabu, na kaka mtu akatafuta stoo kwingine, ila Maalim aliweka sharti kwamba kila kitabu kinachokwenda shuleni ataniuliza mwisho wake, na aliniuliza kweli, hata njiani, hata harusini mbele ya watu. Tangu hapo nimeapa: ukinionyesha hadithi uniulize ni ya aina gani, nami sijafika ukurasa wa mwisho, nitakujibu sijui, na sitaona haya.