Mama wa Binti Yake

Nilipoolewa mara ya pili, Segerea, mume wangu alikuwa amefiwa na mkewe na kubaki na binti wa miaka tisa. Mie nilikuja na wangu wa miaka mitano, begi moja na sufuria zangu.

Mtaani kwetu mwanamke akishazaa haitwi tena jina lake. Anaitwa mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Temeke nilikotoka niliitwa kwa jina la binti yangu. Pale Segerea marehemu aliitwa kwa jina la binti yake, na mtaa mzima ulikuwa umelizoea.

Wiki ya pili nilikwenda na watoto dukani kununua mafuta ya kupima. Mzee wa duka alikuwa na wateja wengi. Akaniona na chupa, akapaza sauti niilete, na akaniita kwa lile jina la marehemu. Ulimi wake ulizoea tu. Nyumba ileile, mtoto yuleyule, pengine hata chupa ileile.

Nikaitika, "Abee."

Nasema ukweli, haikunitoka kwa bahati mbaya. Nilijua jina ni la nani, na nilitaka kuitwa hivyo. Nilidhani nikiitika nitakuwa nimefika.

Binti wa mume wangu akasogea mbele. "Shikamoo, babu. Unayemwita hayupo."

Njiani wangu akaanza kulia. "Kwani mie sio mwanao tena?"

Nilipomsimulia mume wangu, alicheka huku akivua viatu. "Mie nikikuita mke wangu unaitika. Hayo mengine malizaneni nyie wanawake watatu."

Nikazunguka kwa majirani kuomba waniite kwa jina la wangu. Wakawa wanasahau, wanakumbuka, mwisho wakazoea. Yule mkubwa yeye aliniita anti. Miaka kumi na moja, anti. Aliniletea maji nilipoumwa, alinionyesha baba yake anavyopenda mlenda wake, alilala kitanda kimoja na wangu wakigombania upande wa ukutani. Bado anti.

Naikumbuka sana miaka ile. Baba yao alikuwa na banda la kushona viatu Kipawa, akirudi mikono inanuka gundi. Walimkimbilia wote wawili, wakampokonya mfuko kabla hajafika mlangoni. "Nipumzike kwanza, jamani, mie si punda!" Hakuwahi kupumzika, na hakuwahi kukasirika. Sasa hivi ningetoa chochote nisikie tena kelele zile.

Mwaka jana alifariki.

Siku ya pili ya msiba wanawake walikuwa wakipika uani. Mzee wa duka akaja na mfuko wa mchele. Amezeeka, haoni vizuri. Akasimama mlangoni kutafuta mjane, akaniita kwa lile jina la zamani.

Nilikuwa nimeketi mkekani. Sikuitika. Wanawake waliolijua jambo lile wakanigeukia. Mzee akaita tena.

Binti yule alikuwa ubavuni mwangu, mtu mzima sasa, macho yamevimba. Akanirudishia begani kanga iliyokuwa imeanguka.

"Itika basi, anti," akasema. "Unaitwa wewe."

Nikamtazama wangu, upande wa pili. Akapangusa pua. "Itika bwana, mama. Babu wa watu kasimama na mchele mkononi."

"Abee," nikasema. Ilitoka sauti ndogo sana, nikalazimika kuirudia.