Simu Haijui Mazishi

Jumanne nilikuwa mlangoni pa duka hapa Machakos mjini, msafara wa mazishi ukapita ukielekea Matuu. Mwendesha pikipiki mmoja, wa wale wanaopelekea watu chakula kwa kuagizwa na simu, alisimama karibu nami akavua helmeti. Simu yake ikasema kwa sauti: "Umesimama. Chagua sababu."

"Inataka pancha, ajali ama foleni," akaniambia. "Mazishi haiko."

"Kwani ni mtu wenu?"

"Hapana, mama. Ni mtu tu."

Nilimkumbuka bosi wangu wa zamani kwenye mashine ya kusaga unga. Alikuwa mkali ajabu, lakini jeneza likipita alizima mashine, tukasimama kimya, unga umejaa kwenye kope. Likishapita, alitufokea eti tunachelewesha wateja. Jinsi ninavyotamani kufokewa vile!

Magari yalikuwa bado yanapita simu iliposema tena: kazi imepewa mwendeshaji mwingine aliye karibu. Mara simu ikalia ng'ambo ya barabara. Mwenyewe hakuigusa. Naye alikuwa amesimama, helmeti kifuani.