Mama Mdogo Alivyomblock Dairekta

MAMA MDOGO WANGU ANAONGEA KWENYE FILAMU! Siyo kupita nyuma ya watu, siyo kulia msibani na khanga usoni. Anaongea kabisa, mdomo unaonekana, sauti inasikika, na mwishoni jina lake linapita: Paskalina. Nimepiga skrinishoti, iko kwenye stetasi yangu.

Sasa tulieni niwaeleze, maana ilibaki kidogo tu asiongee, na chanzo ni neno moja la Kiingereza.

Mama mdogo Paskalina anauza nyanya Ilula, pale barabarani mabasi yanaposimama. Kama umewahi kupita Ilula kwa basi, lazima umemwona, hata kama hujui kwamba umemwona. Mwanamke mrefu, sweta la kijani, anakimbia na ndoo mpaka chini ya dirisha lako, na kabla hujaamua kununua ameshakuuliza unatoka wapi na kwenu hawajambo. Kabla ya nyanya aliimba kwaya, na kila Krismasi aliigiza parokiani. Aliwahi kuwa Elizabeti, aliwahi kuwa mke wa mwenye nyumba ya wageni. Anasema mwenyewe huyo mke hayupo kwenye Biblia, padri alimwongeza tu ili naye apate cha kufanya.

Filamu zilimkuta pale vijana wa Iringa mjini walipokuwa wanatafuta watu wa kukaa msibani. Kwenye filamu mtu wa namna hiyo anaitwa ekstra, yaani yupo kujaza picha, haongei. Mama mdogo akaenda, akalia vizuri, wakamwita tena, na tena. Mpaka sasa amelia kwenye misiba mingi ya uongo kuliko ya kweli. Ila shida yake ilikuwa ile ile, hawampi neno. Alimwambia mama yangu kwamba akifa bila kuongea kwenye filamu, tusishangae akija kuongea kwenye ndoto zetu.

Mama yangu anaitwa Marta, ni dada yake, sisi tunakaa Uyole, Mbeya.

Basi akatokea Lusekelo. Huyu ni dairekta wa hapa Mbeya, anapiga video za harusi ila moyo wake uko kwenye filamu, na Kiswahili chake nusu ni Kiingereza. Alikuwa anatoka safari, basi likasimama Ilula, akamkuta mama mdogo anagombana na dereva aliyetaka kuondoka na ndoo yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akashuka, akaomba namba. Wiki hiyo hiyo akampa nafasi ya mama wa kijana aliyepotelea mjini miaka na miaka, halafu siku moja anarudi nyumbani. Nafasi yenye maneno, tena maneno ya kutosha. Mazoezi yangefanyika Mbeya, kwa hiyo mama mdogo akaja kukaa kwetu na begi na debe la nyanya.

Kiingereza cha filamu mimi nimejifunza mwenyewe, kwa simu tu, video moja baada ya nyingine. Kwa hiyo nilikuwa nafurahia sana jioni zile, kila neno linalomkwama ananiletea. La kwanza lilikuwa laini. Lusekelo alimpigia akamuuliza kama ameshazishika laini zake. Mama mdogo akamjibu anazo mbili, moja ya kupigia na moja ya bando. Nikamweleza kwamba kwa waigizaji laini ni yale maneno yako ya kusema. Tukacheka, ikaisha.

La pili halikuisha vizuri. Siku ya kwanza ya mazoezi, mbele ya wote, Lusekelo alimwambia asianze kuongea mpaka apate kyu. Ni neno la mwisho la mwenzako, ndilo linalokwambia sasa zamu yako. Mama mdogo akasikia kiu. Naye ni mtu wa kufuata maelekezo, akasema asubuhi alikunywa chai nyingi, wamvumilie kidogo itakuja. Hakuna aliyeelewa mpaka Frida alipoelewa, na Frida alicheka hadi akashika ukuta. Huyu Frida ni mwigizaji wa mjini hapa, ana kope za kubandika na sauti ya redio, na kwenye filamu zote za Lusekelo anaongea. Kuanzia siku ile kila wakikutana anamuuliza, "Mama, kiu imeshakuja?" Mama mdogo anatabasamu. Ila kuanzia siku ile pia aliacha kuuliza maneno, hata mimi hakuniuliza tena.

Ikafika Jumamosi. Mimi nilikuwa mafundisho ya kipaimara, kwa hiyo hapa nawapa kama alivyonisimulia mama.

Wako uani wanamenya ndizi, simu ya mama mdogo ikalia, ujumbe umeingia. Umeandikwa hivi: "Mama Paskalina shikamoo. Leo saa nane tunaanza blocking. Nitakublock wewe kwanza halafu Yotamu. Usichelewe."

Akausoma, akaendelea kumenya. Akamenya ndizi nzima, ndipo akasema, "Dada, huyu kijana anasema leo ananiblock."

Mama akafuta mkono akachukua simu asome mwenyewe. "Na shikamoo anakupa?"

"Anasema nisichelewe."

"Usichelewe kublockiwa?"

Muelewe kwamba mama yangu ana uzoefu. Aliwahi kublockiwa na mwenyekiti wa kikundi chao cha akina mama, na mpaka leo wakikutana sokoni yule mwenyekiti anageukia vitunguu. Lakini hata yule hakumtangazia. Mama akaona huyu Lusekelo amevuka mpaka, yaani kumfukuza mtu mzima na saa anampangia. Mama mdogo hakubisha. Alisema alijua tu, tangu lile jambo la kiu alijua wanatafuta namna ya kumrudisha kwenye msiba.

"Ila hanitangulii," akasema. Akamblock.

Kublock anajua vizuri, nilimfundisha mwenyewe, kwa sababu ya baba mmoja wa Mafinga aliyenunua nyanya mara moja akaanza kumtumia maua kila asubuhi. Alimblock Lusekelo WhatsApp, akamblock na simu za kawaida. Akamaliza ndizi zilizobaki, akanawa, akafunga begi. Mama akamsindikiza hadi barabarani. Basi la Iringa halikuchelewa.

Mimi narudi kutoka mafundisho nakuta kijana kasimama getini kwetu, pikipiki pembeni, helmeti mkononi. Ndiye Yotamu, anayeigiza mtoto aliyepotea. Mchana ni bodaboda, tena mpole. Lusekelo alikuwa amepiga simu hadi amechoka, akamtuma aje kuangalia kama kuna mgonjwa. Mama yangu alikuwa hajawahi kumwona.

"Shikamoo mama. Nimemfuata mama yangu."

"Marahaba. Mama yako ni nani?"

"Paskalina."

Mama akakaa kwenye ndoo. Mdogo wake ana watoto wawili, wote wa kike, na wote amewapokea yeye hospitali. Akamwangalia Yotamu masikio, akamwangalia pua. Akamuuliza kwa sauti ya chini baba yake ni nani. Yotamu akamjibu kwamba baba alikufa, sini ya kwanza kabisa.

Hapo nikaingilia, maana niliona mama anaanza kuhesabu miaka. Nikamwambia ni mtoto wa kwenye filamu, na sini ni kipande cha filamu hiyo. Ndipo mama akatusimulia ya asubuhi, kwa hasira, ujumbe mzima kwa kichwa. Alipofika kwenye kublock Yotamu akafumba macho.

Akachukua ndoo ya mama akaiweka pale, akasema huu ni mlango. Akaweka beseni huku, akasema hili ni jiko. Akatoka getini, akaingia tena, akahesabu hatua mpaka kwenye ndoo, akageuka kidogo upande wa kushoto. Akasema basi, hiyo ndiyo blocking, ni kumwonyesha mwigizaji asimame wapi na atembee kwenda wapi ili kamera isimkose. Mama akaomba arudie. Akarudia. Mama akasema sasa mbona ni kitu kidogo hivyo, akapiga simu.

Mama mdogo alikuwa ameshafika Chimala, basi limesimama watu wananunua mchele. Mama alijaribu kueleza akachanganya mlango na jiko, akampa simu Yotamu, simu ikiwa spika.

"Mama, blocking siyo ile ya kwenye simu. Ni kukuonyesha utasimama wapi."

"Sasa kwa nini asiseme anakuja kunipanga?"

"Angesema anakuja kukupanga ungekuja?"

Tukasikia anacheka, maana mjini mtu akikupanga amekujaza uongo mtamu ukajaa. Konda akamuuliza kama anashuka au hashuki. Akashuka.

Mazoezi yalikuwa Soweto ya hapa Mbeya, kwenye ukumbi wa harusi ambao mchana hauna kazi, viti vimevaa vitambaa vyeupe na maua ya plastiki bado yako ukutani. Yotamu alinipakia, tukafika saa nane imeshapita. Tukakuta Lusekelo ameshamweka Frida kwenye nafasi ya mama. Siyo ubaya, Lusekelo alijua kakataliwa, na tulipomwambia mama mdogo yuko njiani akasema hawezi kusubiri. Na Frida alikuwa anafanya vizuri, siwezi kudanganya. Yotamu anaingia, Frida anainuka, anapiga ukelele, anamfuata, anamkumbatia, machozi ya kweli yanatoka, na maneno yote anayo kichwani.

Mama mdogo alitokea wameshafanya mara nyingi. Vumbi la Chimala miguuni, begi begani.

"Mama nyanya," Frida akasema, "tulijua umetublock."

Watu wakacheka. Mama mdogo akasalimia kwa Kihehe, kamwene, kama yuko kwao, akaweka begi kwenye kiti cha bibi harusi. Lusekelo akamwomba radhi, kisha akamwambia ukweli kwamba Frida ameshapangwa na kamera inaanza Jumatatu, hivyo amtazame tu Frida, filamu nyingine itakuja. Mama mdogo akasema amerudi kutoka Chimala, basi naye awekwe hata mara moja. Lusekelo akaangalia saa, akakubali.

Akamwonyesha. Utakaa kwenye kigoda hiki, una beseni la nyanya unachambua. Yotamu ataingia pale. Utainuka, utamfuata hadi kwenye hii tepu ya sakafuni, utamkumbatia.

"Huyu mtoto miaka yote hiyo alipiga simu?"

"Hakupiga, mama."

"Na mimi ndiye nimfuate?"

"Skripti inasema hivyo."

"Simfuati," akasema, akakaa.

Frida akanong'ona kitu, mtu akacheka. Lusekelo alikuwa amechoka, akamwambia Yotamu aingie tu, tumalize.

Yotamu akaingia, akasema shikamoo mama. Mama mdogo hakuinua kichwa. Beseni lilikuwa tupu, lakini alichukua nyanya, akaigeuza, akaifuta kwa khanga, akaiweka huku. Akachukua nyingine, ikawa mbovu, akaitupa. Yotamu akasema maneno yake, kwamba amerudi, kwamba asamehewe, na yeye anachambua tu. Nyanya moja aliiangalia muda mrefu. Mimi pale nilipokaa niliiona ile nyanya. Yotamu akasahau aliyotakiwa kusema baadaye, akabaki amesimama na mikono yake.

Lusekelo hakusema kata, yaani simamisheni. Aliwaacha tu. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ndiyo sini, na nafasi ni ya mama Paskalina. Frida angepewa nafasi ya jirani. Watu wakapiga makofi, hata Frida alipiga, mawili.

Halafu Lusekelo, kwa furaha, akachukua kalamu akaanza kufuta kwenye karatasi. Akasema mama haongei kabisa. Kimya hiki kinatosha, maneno yote tunayatoa.

Wote tulikuwa tunatabasamu isipokuwa mwenyewe. Alisimama akachukua begi lake.

"Basi mpe Frida."

Lusekelo akadhani ni utani. Akamweleza kwamba hiyo ni heshima, kwamba waigizaji wakubwa ndiyo wanapewa kukaa kimya, kamera inakuja karibu na uso, hiyo inaitwa klozapu. Mama mdogo alisikiliza yote kwa adabu.

"Baba, kimya nimekaa kwenye misiba yenu yote. Sikurudi kutoka Chimala kuja kukaa kimya karibu na kamera."

Lusekelo akasema akiongea sini itaharibika. Yotamu akasema hata yeye anaona itaharibika. Mama mdogo akasema hataki yale maneno mengi, yale kweli ni ya mtu wa kupiga kelele. Anataka moja, na alichague mwenyewe, na hatalisema mpaka atakapoona linafaa. Wasipompa, kuna basi la jioni.

Wakamwangalia Lusekelo. Lusekelo akaangalia karatasi yake iliyojaa mistari. Akamwambia sawa, moja.

Hakumwambia mtu ni lipi. Jumatatu wakaenda kupiga filamu Ilula kwenye nyumba yake mwenyewe, safari hii beseni lina nyanya za kweli. Yotamu akaingia, akasalimia, akaomba msamaha, akasubiri. Nyanya zikaendelea. Yotamu akakata tamaa, akachukua mfuko wake, akageuka kwenda mlangoni. Mama mdogo, kichwa chini, bado anafuta nyanya, akasema:

"Umekula?"

Ndiyo hilo. Filamu nzima ya saa moja na dakika zake, hilo ndilo neno lake. Yotamu alilia, na anasema yale machozi yake hayakuwa kwenye skripti.

Wiki iliyopita imetoka, iko mtandaoni, bure. Abiria wameanza kumjua. Basi likisimama Ilula mtu anatoa kichwa dirishani anamwuliza, mama umekula? Anawajibu kwamba bado, hajauza. Wananunua. Lusekelo alishafunguliwa block, na ameshamtumia ujumbe wa kazi nyingine, safari hii kwa Kiswahili kitupu, na amemuuliza anataka maneno mangapi.

Naomba ukimaliza kusoma umtumie na mwenzako.