Nani Atabaki na Nyumba

Harufu ya maziwa yakimwagikia makaa hunirudisha Keringet, mwaka ule Baba alipokaa nyumbani. Kazi yake kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria ilikuwa imesimama, Mama naye akaenda kufungasha maua kwenye shamba moja upande wa Naivasha, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Jiko letu lilikuwa kibanda cha pembeni ambamo kwa desturi mwanamume mzima hakuingia. Alikohoa tu mlangoni, akaletewa chakula. Baba aliingia. Ila alipika akiwa amevaa jaketi lake la kazi, lile lenye mistari ya kung'aa, ili jirani akipita aone huyu ni mtu wa mtambo, amesimama hapo kidogo tu. Maziwa yalimshinda kila asubuhi. Mimi nilikuwa kifungua mimba, na mdogo wangu wa kiume, Kibet, alinifuata kwa umri wa karibu sana.

Nikisikia watu wakibishana kwamba wanaume wako hivi na wanawake wako vile, huwa nachoka kabla hawajamaliza. Mama alikuwa akifika, anaketi kwenye kiti cha Baba, ananyoosha miguu iliyovimba, kisha anauliza, "Chai iko?" Hadithi zetu hakuzitaka. Na Baba, ambaye zamani hakujua hata ni nani kati yetu aliyekuwa mgonjwa, alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Sasa Mama Chebet, umekuja kulala tu? Hata hujauliza hawa watoto wamekulaje."

Hayo yalikuwa maneno ya Mama ya zamani, neno kwa neno. Mama akamjibu kwa maneno ya Baba. "Wacha nipumzike kwanza, nimetoka kazini." Nilitaka kucheka, lakini walikuwa wamechoka wote wawili, na kila mmoja aliona uchovu wake tu.

Kisha Olkaria wakamwita Baba arudi. Jioni hiyo walikaa mezani kuamua nani atabaki na nyumba. Mimi niliomba moyoni mmoja abaki, yeyote yule, maana nilikuwa nimeitwa shule ya bweni na sanduku nilikuwa nimeshapewa na shangazi. Mama alisema hawezi kuacha kazi, akirudi hapa atakuwa mtu wa kungoja watu tena. Baba hakumpinga. Alikuwa ameonja kungoja, akachukia kungoja huko kama Mama. Sijawahi kuwaona wakielewana vile. Halafu wote wawili wakanigeukia.

"Chebet ni mkubwa sasa," Baba akasema.

"Ataweza," Mama akasema. "Hata hii shule ya hapa karibu ni shule tu."

Kibet alikuwa ameketi pale pale kando yangu. Hakuna aliyemtazama, na iliniuma, inaniuma hadi leo.

Siku hizi naishi Nakuru. Mume wangu anapika na hakuna jirani anayegeuka kushangaa, kwa hiyo siwezi kusema hakuna kilichobadilika. Juzi Kibet alinipigia simu. Wazazi wamezeeka, wako peke yao kule Keringet, na Mama ameanguka bafuni.

"Sista, hawa wazee hawawezi kuachwa hivyo. Sasa wewe unaonaje?"

Nilikuwa nimeishikilia simu kwa bega, mikono yangu tayari ikikunja nguo zangu na kuzitia kwenye begi.