Aliyenifundisha Laptop Nyepesi

Kwa miaka mingi nilibeba laptop nzito mgongoni. Mimi ni afisa ugani hapa Bariadi, kazi yangu ni wakulima wa pamba, na wakulima hawaji ofisini. Nikiwa kwenye pikipiki kwenda Nkoma, begi lilinivuta nyuma kila niliporuka shimo. Nikifika naiwasha, nasalimia kaya nzima kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, naulizwa habari za kila mtu ninayemjua, na nikirudi bado inazunguka tu. Betri ilikuwa imebaki jina.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na kijitabu changu. Nilikiandika kwa misimu minne ya pamba. Kilieleza wadudu, funza wa vitumba, vidukari, chawa jani, kwa Kiswahili chepesi na kwa maneno ya Kisukuma ambayo wakulima wenyewe wanayatumia, kwa sababu vipeperushi tunavyoletewa vinawapita wengi. Picha nilizipiga kwa simu katika shamba la mama yangu, kule Nkoma. Nyingi zinaonyesha mkono wake umeshika jani au kitumba. Kidole chake cha shahada hakina ncha. Kilibanwa na mnyororo wa jembe la ng'ombe nikiwa mdogo.

Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameletwa mkoani kwetu, Simiyu, kutoka mkoa wa mbali. Alifika hajui hata neno moja la Kisukuma. Nilimtafutia nyumba ya kupanga, nikamzungusha vijijini, nikampeleka kwetu. Mama alimpikia ugali na samaki wa Lamadi, akamwita mwanangu. Tangu siku hiyo yeye aliniita dada na mimi nikamwita kaka.

Ni yeye aliyeanzisha habari ya laptop nyepesi.

"Dada, mgongo wako utaisha," aliniambia asubuhi moja aliponiona natua begi. "Tafuta kadogo, kepesi. Halafu tuondoe huo mfumo unaokula mashine, tuweke Linux. Utaona."

Niliogopa. Kila ofisi ninayoijua Bariadi inatumia mfumo ule ule mmoja, na huo ndio niliofundishwa chuoni. Lakini alinichagulia laptop iliyotumika, nyembamba kama daftari kubwa, na Jumamosi moja akaja nayo ofisini pamoja na flashi. Aliniachia nibonyeze mwenyewe. "Hapa unachagua lugha. Hapa paswedi. Usiogope, hakiharibiki kitu." Kufika mchana kompyuta ilikuwa imewaka na ukurasa mpya kabisa, na iliwaka haraka hata nikacheka peke yangu.

Jumamosi nne mfululizo alinifundisha. Alinionyesha jinsi ya kuongeza programu na jinsi ya kutumia lile dirisha jeusi la kuandika amri. Nilianza kwenda hadi Kimali, siku nzima bila umeme, na betri ikabaki. Wenzetu walinitania kwamba nimehamia dini mpya. Nilijiona mtu, kusema kweli. Nilikuwa nimejifunza kitu kigumu na aliyenifundisha alikuwa rafiki.

Kuhusu mafaili ya zamani alisema, "Niachie ile nzito. Ukiyafungua huku moja kwa moja mpangilio utavurugika, picha zitahama. Nitayasafisha kidogo kidogo nikuletee." Kwanza zilikuja barua, kisha ripoti. Kijitabu, alisema, kina picha nyingi, kitakuwa cha mwisho.

Halafu siku moja akaja na uso wa msiba. "Dada, diski imekufa. Nimejaribu kila kitu."

Nakala nyingine sikuwa nayo. Simu niliyopigia zile picha ilishaharibika. Nilijifungia chooni nikalia, na nilipotoka alikuwa amenisubiri koridoni na soda baridi. "Utaandika tena," akasema. "Kiko kichwani mwako." Nikamshukuru.

Mwanzo wa msimu uliofuata tulifanya mafunzo ya wakulima katika darasa la shule, Nkoma. Mwenzangu ndiye aliyekuwa msemaji. Nilichelewa kidogo kwa tope, na nilipoingia vijitabu vilikuwa vinagawiwa. Mama alikuwa ameketi dawati la tatu na wanawake wenzake. Aliniona, akatabasamu, akaendelea kufungua kurasa. Akasimama kwenye ukurasa mmoja.

"Huu si mkono wangu?" akauliza kwa sauti.

Jirani yake akaunyanyua mkono wa mama, akauweka kando ya picha. Darasa likaanza kucheka kwa furaha, wanawake wakainuka kuja kuona kidole. Mama alicheka kuliko wote. "Mbona hukuniambia kimetoka?" akaniuliza. Kisha akageuza jalada, akasoma taratibu, maana anajua kusoma, na akainua macho. "Jina lako liko wapi?"

Lilikuwepo jina moja tu, la yule aliyesimama mbele na chaki mkononi. Aliangalia ubao.

"Tutaongea nyumbani, mayu," nikasema.

Nilimngoja mwenzangu nje, penye pikipiki.

"Uliniambia diski imekufa."

"Baadaye ilikubali."

"Baadaye lini?"

Alipangusa kiti cha pikipiki kwa kiganja. "Dada, usilichukulie hivyo. Wewe ungekaa nacho miaka kumi unarekebisha. Mimi nimekifikisha kwa wakulima. Si ndicho ulichotaka?"

Kilichoniuma ni kwamba sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli.

Kesho yake niliikuta laptop yangu nzito katika stoo ya ofisi, chini ya meza, na mtunza stoo akaniachia niichukue kwa kuwa ni mali yangu. Nikaipeleka kwa fundi mjini. Aliifungua, akatoa diski, akaiunganisha kwa waya na laptop yangu nyepesi. "Hiyo Linux yako itaisoma kweli?" akauliza kwa shaka. Ikaisoma. Mafolda yote yakajipanga mbele yangu.

"Hii diski haijawahi kuumwa," fundi akasema.

Niliangalia tarehe. Ukurasa wa jalada ulikuwa umebadilishwa siku nne baada ya kumkabidhi mashine. Ndani hakugusa hata nukta. Kwa hiyo siku ile aliyoninunulia soda, kazi yangu ilishakuwa na jina lake.

Nilimwonyesha mkuu wetu. Alikagua tarehe zile, akasema vitabu vimeshachapwa na vimeshagawiwa, toleo lijalo ataongeza jina langu, la pili. Nikakataa kuwa wa pili kwa kazi yangu mwenyewe. Mwishowe wakayaondoa majina yote mawili, likabaki la ofisi, na mwenzangu akanitumia ujumbe kwamba sasa tumekosa wote, basi yaishe. Ujumbe niliufuta. Linux bado naitumia, lakini kila amri ninayoiandika naisikia kwa sauti yake, na hilo sijapata namna ya kulifuta.

Mama sikumweleza mapema. Alidhani ni kosa la wachapaji. Wiki kadhaa baadaye, tukipalilia, aliuliza kwa nini mwanawe yule haji tena, na nikamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho. Aliendelea na mstari wake hadi ukaisha. Kisha akaegemea jembe.

"Ile siku mvua ilipomzuia kurudi Bariadi, alilala hapa," akasema. "Nilimpa kitanda chako."

Akarudi kwenye palizi, na mimi nikashika mstari wa pembeni yake.