Wa Nne kwenye Sinia

Mimi sikuanza kupunguza mwili kwa ajili ya afya. Wanaosema hivyo na waseme wao. Nilianza kwa sababu ya wifi yangu, na mpaka leo sijamsamehe wala sina haraka.

Kazi yangu ni kupika vyakula vya arusi. Shule niliiacha darasa la pili, nikakaa barazani mtaa wa Langoni na karai la mahamri. Kwa karai lile, na masufuria yaliyofuata, nilijenga nyumba ya mawe bila mkono wa mwanamume. Mtu kama mimi hajazoea kuambiwa kaa kule.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Nilipoolewa nilimkuta mtoto anacheza mchangani, pua namfuta mimi. Siku alipomuoza bintiye mkubwa, biriani niliipika mimi tangu alfajiri. Nilipomaliza nikaoga, nikabadilisha nguo, nikaingia chini ya turubai nile na wanawake wenzangu. Kwetu sinia moja ni watu wanne, kila mtu na upande wake, na mkono hauvuki kwa mwenzio. Nikaona sinia lina watu watatu, nikakusanya buibui langu nikae. Wifi akanishika bega.

"Hapo wametimia, wifi. Wewe njoo huku kwa hawa wawili. Wewe twakuhesabu wawili."

Wakacheka, biriani yangu ingali midomoni mwao. Nikakaa nilipoambiwa, nikala sana, kwa hasira. Lakini nilikuwa nimeshaapa. Alibaki na binti wa pili, na siku ya arusi ya huyo nitakaa wa nne, kwenye sinia la wifi mwenyewe.

Wiki ile ile nikaenda zahanati. Muuguzi alikuwa msichana wa bara, ananiita shosho, yaani bibi. Jina hilo si la huku, lakini nilikuwa na haja naye, nikamwacha. Akanipandisha mizani, kisha akanichorea duara kwenye karatasi na kuligawa kwa kalamu: nusu mboga, robo wali au sima, robo samaki au maharagwe. Soda basi. Sukari ya chai niipunguze polepole. Nitembee kila siku. Yote hayo yalikuwa mepesi kwangu, maana duara halitaki kusoma.

Nikalifuata vile vile lilivyochorwa. Nikajitengea sinia langu, nikawa napima kwa kidole, mstari hapa, mstari pale. Nusu mchicha. Robo wali. Robo samaki wa kupaka. Mstari sikuuvuka hata kwa punje moja. Mwezi mzima nikala hivyo na kujisifu. Nikarudi kwenye mizani, nimeongezeka.

Nikamwambia muuguzi karatasi yake ni ya uongo. Akaniuliza kwa upole sahani yangu ina ukubwa gani. Nikafungua mikono kumwonyesha. Akaitazama mikono, akautazama mlango, akainama chini ya meza kama aliyeangusha kalamu. Mabega yakawa yanamtikisika.

"Shosho," akasema alipoinuka, "hiyo huwa ni ya watu wangapi?"

Nikasema wanne, na neno likanirudia mwenyewe masikioni. Kumbe wifi alikosea hesabu, tena alinipunguzia. Usidhani nilipoa kwa hilo. Nilizidi kumchukia, kwa sababu alikuwa amekaribia kusema kweli.

Siku hiyo nikanunua sahani ya kwanza katika maisha yangu iliyokuwa yangu peke yangu, ya bati, ndogo, ya kulia mtoto. Hapo kazi ikaanza. Njaa naijua tangu utotoni, lakini ile ya utotoni haikuwa na sufuria ya nyama mbele yako. Na mpishi lazima aonje. Nilipojichunguza nikaona nakula chakula kizima kwa kuonja tu, kipande hiki kutazama kama kimeiva, kiazi kile kutazama chumvi. Nikaacha. Nikawa naweka tone la mchuzi kiganjani, naligusa kwa ulimi, basi. Asubuhi nashika njia ya Matondoni, natembea mpaka magoti yaseme rudi. Kila nilipotaka kulala nilimkumbuka wifi na bega langu, nikavaa viatu.

Mwili ukaanza kushuka. Wifi akawaambia watu nina maradhi ninayoyaficha. Mwaka wa pili akaja mwenyewe kuniomba nimpikie arusi ya binti wa pili, nikamkubalia kabla hajamaliza kusema.

Siku ya arusi nikaingia chini ya turubai, nimeoga, nimebadilisha nguo. Wifi alikaa na wakwe zake wapya wawili, mama wa bwana arusi na dada yake, wote wadogo kwangu. Kwenye sinia lao palibaki nafasi ya mtu mmoja. Nikasimama hapo. Akanitazama juu hadi chini.

"Karibu, wifi," akasema.

Nikakaa wa nne, na nafasi ikabaki. Mbele yake palikuwa na paja la mbuzi zima. Nililiweka mimi kwa mkono wangu. Nikala matonge saba na kachumbari, kisha nikavuta mkono na kuagiza maji ya kunawa. Sisi tumelelewa hivi: mkubwa akishanawa, mdogo habaki akitafuna. Wakwe wakavuta mikono yao. Wifi alikuwa ndiyo kwanza ameligusa paja.

"Wifi, hujala kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Waniinua na njaa mbele ya wakwe."

"Nimeshiba," nikamwambia. "Siku hizi mimi ni mtu mmoja."

Akanawa. Wakwe sikuwa na ugomvi nao. Sinia lao la kwenda nalo nyumbani nilikuwa nimeshalitenga jikoni, limefunikwa kawa. La wifi sikutenga. Lile paja nikaliinua mbele yake, nikampelekea muuguzi.