Asubuhi Bosi Alipopokea Wodi

Kampuni yenye hospitali yetu ilipoanza kunong'ona habari za kupunguza wauguzi, sisi tulicheka. Kupunguza nini? Wodi nzima, wazazi, watoto na wazee pamoja, mara nyingi ilishikwa na muuguzi mmoja. Glavu tulikuwa tunaombana kama majirani wanavyoombana chumvi. Maji tulibeba kwa ndoo. Kama palikuwa na cha kupunguza hapo, mimi sikukiona.

Asubuhi moja ya msimu wa pamba, malori yanapita barabara ya Lamadi na vumbi linaingia hadi madirishani, mkurugenzi akatua Bariadi na shati lililonyooka. Akatukusanya kwenye korido, tuliokuwa tunatoka zamu na waliokuwa wanaingia. Akasema hali ya biashara ni ngumu. Kesho wataletwa wengine wa mkataba wa muda. Sisi wa wodi ile tuvue sare twende nyumbani, sasa hivi.

Nina watoto wanasoma, na kazi nyingine pale mjini sikuijua ingetoka wapi. Nikaanza kufungua kifungo cha juu cha sare kwa hasira.

Inchaji wetu, msimamizi wa wodi, mama wa makamo ambaye wagonjwa wote walimwita mayu, yaani mama, akanishika mkono. Akamgeukia bosi kwa heshima zake zote.

"Sawa, baba. Nani anapokea wodi?"

"Kupokea?"

"Muuguzi hatoki mpaka akabidhi wagonjwa, kitanda kwa kitanda, kwa anayebaki. Na hapa umetufukuza wote."

Bosi akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Kesho alikuwa ameipanga vizuri sana. Leo ndiyo alikuwa ameisahau.

"Nikabidhini mimi," akasema kwa ukali, akidhani tutaishia hapo.

Weee! Ungetuona! Tulimfuata kundi zima, nguo za kazi zinapepea, mimi nikijibana nisipige vigelegele. Kitanda cha kwanza alikuwepo bibi mmoja kutoka Lingeka.

"Huyu ni wa presha," inchaji akasema. "Haendi msalani bila kushikwa."

"Mwangaluka, ng'wanawane," bibi akamsalimia kwa Kisukuma.

"Asante, bibi," akajibu bosi, na wodi nzima ikaangua kicheko. Hata salamu ya asubuhi ilikuwa imempita.

Bibi akanyoosha mkono. "Haya, mwanangu, nipeleke."

Akampeleka! Pole pole hadi mlango wa msalani, sisi nyuma yao tayari kudaka. Muuguzi mmoja akampokea bibi pale mlangoni, na bosi akarudi akijifuta shingo kwa leso. Kitanda cha pili, mtoto wa malaria, akaonyeshwa dripu na kuambiwa asiipe kisogo ikikaribia kuisha. Akaitikia kwa kichwa, macho yameshaanza kuhangaika.

Kitanda cha tatu, mama kutoka Nassa, uchungu umepamba moto. Alikuwa amesikia kila kitu. Bosi alipomkaribia tu, akamkamata mkono wa lile shati.

"Wewe ndiye umepokea? Basi usiondoke!"

"Mimi... mimi si..."

"Usiondoke nakwambia! Mtoto anakuja!"

Mimi nilikuwa nimeshanawa na kuvaa glavu, jozi ya mwisho kwenye boksi. Mama yule asingeachwa hata kama tungefukuzwa mara mbili. Lakini bosi hilo hakulijua, na hakuna aliyemwambia.

"Sista, nisaidieni," akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Tukusaidie kama nani?" inchaji akauliza taratibu.

"Kama wauguzi wa wodi hii."

"Wa leo?"

Mama akapiga ukelele. Bosi akafumba macho.

"Wa leo, na kesho, na siku zote! Jamani, pokeeni!"

"Tumepokea," tukajibu kwa pamoja, na hapo nilishindwa, machozi yakanitoka huku nacheka. Ile furaha sijawahi kuipata tena. Glavu za kutosha tuliendelea kuzipigania kwa muda mrefu, ila kesho yake hakuja mtu wa mkataba.

Bosi alipopisha, nikasogea kitandani. Mikono yangu ilikuwa safi kwa kazi, kwa hiyo nikamwomba mwenzangu anifungie kile kifungo cha juu cha sare.